iPad ya Bei ya Chini: Kwa Nini Bado Inafunika Tableti Zingine kwa Mtu wa Kawaida

Ingia Luthuli Avenue useme unatafuta tableti. Kabla umalize sentensi utakuwa umeonyeshwa kumi. Kuna Samsung, kuna Lenovo, kuna Huawei, na kuna zile zenye jina hata muuzaji analisoma kwa boksi kwanza ndio akutajie. Zote ziko na kioo kikubwa, zote zinashika intaneti, na ukiuliza, kila moja ni orijino.

Sasa utachagua aje? Wasee wengi huangalia vitu viwili: bei na namba za boksi. RAM ngapi, memori ngapi, kamera ngapi. Hapo ndipo watu huchomwa. Tableti inayoongoza soko la dunia, iPad, haijawahi kuongoza kwa sababu ya namba za boksi. Na hapa hatubongi kuhusu iPad Pro ya maproducer na maboss. Tunabonga kuhusu ile ya kawaida, ya bei ya chini kabisa kwa familia ya iPad.

Inawafunika wenzake kwa vitu viwili ambavyo havionekani ukiwa dukani: inaishi miaka mingi, na ina programu zilizotengenezewa tableti. Lakini pia kuna mahali inachapwa, na kuna mtu ambaye hafai kuinunua. Twende mos mos.

Tableti haikuanza na Apple

Novemba 2001, Bill Gates wa Microsoft alisimama Las Vegas akaonyesha dunia tableti, zaidi ya miaka minane kabla ya iPad. Shida ni kwamba zile zilikuwa nzito, ghali, na zilitumia Windows ile ile ya kompyuta ya mezani, iliyotengenezewa mtu mwenye mausi. Kugonga kitufe kidogo na kalamu ilikuwa kazi ya fundi wa saa. Mtu wa kawaida hakuzitaka.

Tarehe 27 Januari 2010, Steve Jobs alipanda jukwaa San Francisco, akakaa kwa kiti cha sofa na kuanza kuperuzi intaneti mbele ya watu. Ujumbe ulikuwa wazi: hiki ni kitu cha kutumia ukiwa umetulia kwa keja, si mashini ya ofisi. Wengi walikuwa wanatarajia bei ya karibu dola 1,000. Akataja 499. Ilipoanza kuuzwa Marekani tarehe 3 Aprili, zaidi ya 300,000 zilienda siku ya kwanza.

Kuna waliocheka wakisema hiyo ni iPhone iliyovutwa. Na hawakuwa mbali na ukweli, kwa sababu Apple walichukua mfumo wa simu yao wakaukuza. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa silaha yao. Mtu yeyote aliyejua kugusa simu alijua kutumia iPad bila kufunzwa, na programu nyingi za iPhone zilifanya kazi humo tangu siku ya kwanza.

Walikuja kuipindua, wakaangushwa

Mwaka wa 2011 kila kampuni ilikuja na tableti yake. Cheki kilichowapata.

Motorola Xoom iliingia Februari 2011. Kwa karatasi ilikuwa moto: kamera mbili wakati iPad ya kwanza haikuwa na hata moja, na RAM ya 1GB wakati iPad ilikuwa na 256MB. Lakini iliuzwa karibu dola 800, na programu za Android zilizotengenezewa kioo kikubwa zilikuwa za kuhesabu.

BlackBerry PlayBook ikafuata Aprili. Kampuni iliyojengwa kwa jina la barua pepe ilitoa tableti isiyo na programu yake ya barua pepe. Ulihitaji simu ya BlackBerry kando uiunganishe. Waliiongeza Februari 2012, wakati watu walikuwa wameshahama.

HP TouchPad ndiyo ilikuwa noma zaidi. Ilianza kuuzwa tarehe 1 Julai 2011, na tarehe 18 Agosti HP ikatangaza inaachana nayo. Hata miezi miwili haikufika. Zilizobaki ziliuzwa kuanzia dola 99, na hapo ndipo watu waligombania kama mtumba wa Gikomba saa kumi na mbili asubuhi.

Microsoft nao wakarudi Oktoba 2012 na Surface RT. Ilifanana na kompyuta ya Windows, lakini ukijaribu kuweka programu zako za kawaida za Windows, ilikataa. Julai 2013 kampuni iliandika hasara ya dola milioni 900 kwa sababu ya hizo tableti.

Ukiangalia vizuri, shida haikuwa mashini. Zingine zilikuwa na mashini kushinda iPad. Shida ilikuwa mtu akishaiwasha, hana cha kufanya nayo. Watu hawanunui chipu. Wananunua kile watakachofanya wakifika nyumbani.

Waliofaulu walipita njia nyingine: bei. Kindle Fire ya Amazon, mwisho wa 2011, na Nexus 7 ya Google, katikati ya 2012, zote ziliuzwa dola 199 na zikapendwa. Tangu hapo soko likagawanyika. Android ikashika bei ya chini, iPad ikashika ubora. Halafu Machi 2017 Apple wakashuka wenyewe, wakatoa iPad ya dola 329. Hiyo ndiyo laini tunayoongelea leo. Toleo la Machi 2025 lina chipu ya A16, memori ya 128GB, na Marekani linaanzia dola 349.

Pointi ya kwanza: inaishi

Chukua iPad Air 2 ya 2014. Iliendelea kupata matoleo mapya ya mfumo hadi iPadOS 15 ya 2021. Miaka saba. Au chukua iPad ya kawaida ya 2020, kizazi cha nane. Septemba 2025 ilipata iPadOS 26, sawa na iPad mpya kabisa.

Kwani apdeti ni nini ya kupigia kelele? Skia. Mfumo ukizeeka, programu zinaanza kukukataa moja moja. Ya kwanza huwa ya benki, inakuambia kifaa chako hakitoshi. Kisha ya masomo, kisha ya video. Kioo bado ni kizima, betri bado inashika, lakini tableti imekuwa kioo cha kuangalia picha tu. Na mianya ya usalama hakuna anayeiziba, wakati umeingia na barua pepe yako na paswadi zako humo.

Sababu ya Apple kuweza hivi ni rahisi. Wanabuni chipu wenyewe na wanaandika mfumo wenyewe. Upande wa Android kazi imegawanywa: Google wanaandika Android, kampuni ya chipu kama Qualcomm, MediaTek au Unisoc inatengeneza programu za kuendesha hiyo chipu, kisha mwenye jina la tableti anaunganisha yote. Mmoja akichoka, wewe mnunuzi umekwama. Na kwa tableti za bei ya chini sana, hakuna anayepata faida akikurudia baada ya kukuuzia.

Sasa piga hesabu. Dola 349 kwa kiwango cha karibu Sh129 ni kama Sh45,000, kabla ya ushuru na faida ya muuzaji. Dukani Nairobi utalipa zaidi. Tuseme unaitumia miaka sita: ni Sh7,500 kwa mwaka. Tableti ya Sh15,000 ikidedi baada ya miaka miwili ni Sh7,500 kwa mwaka pia. Bei ni ile ile, tofauti ni kwamba huyu wa pili anarudi dukani mara tatu, na kati ya hapo anateseka na kitu kinachokwama. Na iPad ya miaka mitatu bado ina mnunuzi. Ile ingine utampatia mtoto wa shangazi.

Ukweli usemwe, wapinzani wameamka. Januari 2024 Samsung waliahidi miaka saba ya apdeti kwa simu zao za Galaxy S24, na ahadi za aina hiyo zimeanza kufika kwa tableti zao. Kwa hivyo ukinunua Android, swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: apdeti ni za miaka mingapi? Akianza kukuambia kuhusu rangi ya kava, hepa.

Pointi ya pili: programu za tableti kweli

Programu nyingi za Android kwenye tableti bado ni za simu zilizovutwa. Maandishi yanajaa katikati, pembeni ni uwanja mtupu. Kwa iPad, watengenezaji wamekuwa wakitengenezea kioo kikubwa tangu 2010, na inaonekana.

Kama unachora, kuna Procreate, programu iliyotoka Tasmania kule Australia mwaka wa 2011. Unalipa mara moja, hakuna kukatwa kila mwezi, na inafanya kazi hata kwa iPad ya bei ya chini. Kwa tableti za Android haipo.

Kama unapiga muziki, GarageBand inakuja bure. Unaweka ngoma, besi na sauti yako, na demo imetoka kabla hujakanyaga studio. Na usidhani hii ni mchezo wa watoto: Damon Albarn wa Gorillaz alirekodi sehemu kubwa ya albamu ya The Fall kwa iPad akiwa kwa ziara Marekani Kaskazini mwaka wa 2010. Albamu ilitoka Desemba hiyo hiyo. Hiyo ilikuwa iPad ya kwanza kabisa, yenye RAM ya 256MB. Ya leo iko mbali sana.

Kama uko chuo, unafungua noti za lekchara upande mmoja na kuandika upande mwingine. iPadOS 26 imeongeza madirisha unayoyasogeza na kuyapunguza kama ya kompyuta, na haikubagua iPad ya bei ya chini.

Lakini tusidanganyane. Kwa miaka 15 iPad haikuwa na WhatsApp yake. Ilifika Mei 2025. Instagram ya iPad nayo ilifika Septemba 2025. Tableti za Android zilikuwa zimeshaanza kutumia hizo programu kabla ya hapo. Kwa hivyo kama uliambiwa kitambo iPad haina WhatsApp, uliambiwa ukweli, ila ukweli umebadilika.

Pointi ya tatu: vitu vidogo vya kila siku

Chipu ya A16 ndiyo ilitoka na iPhone 14 Pro mwaka wa 2022, ingawa ya iPad imepunguzwa kidogo. Kwa hivyo tableti ya bei ya chini inatembea na chipu iliyotoka kwa simu ya juu. Unafungua programu, inafunguka. Hakuna kungoja.

Betri, Apple wanaiweka saa kumi za kuperuzi kwa waifai. Ni namba ile ile waliyoahidi 2010.

Kamera ya mbele, tangu toleo la 2022, imewekwa upande mrefu wa kioo. Ukilaza tableti ukiwa kwa darasa la Zoom au intavyuu, unaangalia watu usoni. Tableti nyingi zenye kamera upande mfupi zinakufanya uonekane unachungulia dirishani.

Kisha kuna hii wengi hawaijui. Netflix na wenzake huangalia kiwango cha ulinzi wa video kwenye kifaa kabla ya kukupa picha safi. Kwa Android kiwango hicho huitwa Widevine, na bila L1 Netflix haipandi HD, hata kioo kikiwa kizuri namna gani. Tableti nyingi za bei ya chini ziko L3. Unalipia Netflix kila mwezi uangalie ukungu. iPad haina hiyo shida. Kama unanunua Android, weka programu ya bure inayoitwa DRM Info ukiwa bado dukani, uone kama imeandika L1.

Mahali inachapwa

Memori. iPad haina nafasi ya kadi. Zile 128GB ndizo hizo. Samsung Galaxy Tab A9+, iliyotoka Oktoba 2023, inakubali kadi ya hadi 1TB. Kama maisha yako ni kuwekewa muvi kwa flashi kwa jamaa wa duka la muvi, hiyo ni tofauti kubwa.

Sauti na kioo. Tab A9+ ina spika nne, iPad hii ina mbili. Kioo cha Samsung kinaenda 90Hz, cha iPad ni 60Hz, na ukitembeza ukurasa jicho linaona. Tena iPad ya kawaida haina tundu la iafoni tangu toleo la 2022, wakati Tab A9+ bado inalo.

Ramani. iPad ya waifai pekee haina GPS. Kama ni ya kuweka kwa gari ikuonyeshe njia, lazima uchukue ya laini, na hiyo huongeza bei sana.

Pesa kwa simu. iPad, hata ile ya laini, haipigi *334#. Simu yako itabaki na kazi yake.

Mizigo ya pembeni. Kalamu, kibodi na kava huuzwa kando, na vya Apple vina bei ya kuumiza. Kioo kikivunjika, gharama ya fundi itakufanya ufikirie mara mbili. Weka kava na kinga ya kioo siku ile ile, si kesho.

AI. iPad ya A16 haina Apple Intelligence. Lakini ChatGPT na Gemini zinaingia kama programu za kawaida, kwa hivyo wengi hawatasikia pengo.

Ukinunua iliyotumika, soma hapa mara mbili

Hapa ndipo pesa za comrades huzama. Tangu 2013 Apple wana kufuli inayoitwa Activation Lock. Kama mwenye iPad hakutoa akaunti yake, tableti haifunguki bila paswadi yake. Hata ukiifuta yote, ikiwaka inauliza paswadi ile ile. Inakuwa sahani ya gharama.

Kufuli ya pili ni ya shule na kampuni. iPad nyingi zinazotoka ng'ambo zilikuwa za shule. Kama bado ziko kwa mfumo wa shule, ukiiwasha upya itaandika "Remote Management", na hiyo shule inaweza kuifunga ikiwa kwa kitanda chako Roysambu.

Dawa ni moja. Mwambie muuzaji aifute kabisa mbele yako, kisha mfuate hatua za kuiwasha upya mkiwa na waifai, hadi ufike kwa kioo cha mwanzo na akaunti yako mwenyewe. Akikataa au akisema "haina shida, iko sawa", rudisha ganji mfukoni. Usilipe kabla ya kuona hicho kioo cha mwanzo.

Pia angalia mwaka. iPad ya kawaida ya 2019, kizazi cha saba, haikupata iPadOS 26. Kwa iliyotumika, anza na ya 2020 kwenda juu, na ikiwezekana ya 2021 au 2022 ili ikuishie. Ingia Settings, General, About, uone toleo, usimwamini boksi.

Na zile tableti zisizojulikana zinazoandika RAM ya kutisha kwa bei ya viatu? Namba ya boksi inaweza kuandikwa na yeyote, na hata ile ya kwenye kioo inaweza kughushiwa. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, programu mbovu iliyopatikana kwa vifaa vya bei ya chini vinavyotumia Android, vingine vikiwa nayo tangu kiwandani. Bei rahisi wakati mwingine unailipa na akaunti zako.

Basi ni ya nani?

Kama unasoma, unachora, unaedit video, unapiga muziki, au unataka kitu kimoja kikupeleke kutoka mwaka wa kwanza hadi graduation, iPad ya kawaida ndiyo mbogi yako. Hata iliyotumika ya 2021, ikiwa safi bila kufuli, itakushikilia kuliko tableti mpya ya jina lisilojulikana.

Kama kazi ni muvi, YouTube na katuni za watoto, na bajeti ni ngumu, chukua Samsung kama Tab A9+, weka kadi ya memori, na hakuna atakayekucheka.

Kama unatafuta ya GPS au ya kufanya kazi za simu, pengine huhitaji tableti. Ongeza hiyo doo ununue simu nzuri.

Na kama muuzaji ameanza kukusomea megapixel, muulize maswali matatu: apdeti hadi mwaka gani, Netflix inapanda HD, na naweza kuiwasha upya hapa hapa? Majibu hayo ndiyo yanakuambia hiyo tableti itakuwa wapi miaka mitatu ijayo.